Gego la Pili

Siku yangu ya kwanza katika boma la Wajerumani pale Arusha, Bwana Mganga, daktari wao Mzungu, alinisogezea beseni la maji na sabuni. "Nawa," aliniamuru. "Kazi yako imo vinywani mwa watu." Mimi nilitoka Tanga nikijua kufunga vidonda tu; kumbe nilitakiwa kukadiria umri wa watoto.

Ninyi wa leo mnapiga picha ya mionzi, mkaliona jino lingali ndani ya fizi. Sisi tulipapasa kwa kidole. Gego la kwanza huota mtoto akiwa na miaka sita hivi. La pili, nyuma yake, kwenye kumi na miwili. Amri ya boma ilikuwa fupi: aliyeota magego ya pili yote manne akabebe mizigo ya safari. Meno ya mbele hayakutusaidia sana, maana Waarusha wakati ule waling'oa mawili ya chini kwa desturi. Mwaka wa pili nilikuwa sikosei.

Ndipo Shaushi, mkubwa wa askari, alipomleta mvulana wa Elerai, mrefu kunipita. Bwana Mganga akatazama kimo tu, akaandika: mtu mzima. Mama yake alikuwa amewafuata hadi mlangoni.

"Nilimzaa baada ya ng'ombe wetu kufa wote kwa sotoka, hata miaka kumi na miwili haijatimia," alisema. "Bado mtoto huyu."

"Nyamaza, mama!" Shaushi alimkaripia. "Huioni miguu hiyo?"

Nikaingiza kidole. Nyuma ya gego la kwanza palikuwa na fizi tupu, pande zote nne. Mbele yake, gego la utoto lilikuwa likicheza. Kumpinga Mzungu adhabu yake ilikuwa kiboko.

"Bwana Mganga, huyu ni mtoto. Papasa mwenyewe."

Alinikazia macho, akanawa, akapapasa. Lile gego la utoto likamng'okea mkononi. Akakata alichoandika. "Arudi kwao."

Yule mama akanishika kiganja, akakitemea mate ya baraka.

Sasa nimestaafu, nakaa Tengeru, na watu huniuliza kama nilipata kukosea. Kazi ile niliijua, nasema bila kuona haya. Lakini siku ileile, mama alipokwisha kuondoka, nilipapasa vinywa vya vijana wengine walioletwa bomani. Watano walikuwa na magego ya pili yote manne. Nilisema kweli, nao wakatwishwa mizigo.