Fundi marumaru wa Woolwich anayelisubiri neno la baba yake

Asubuhi ya mvua, Woolwich, London. Ghenadie Țurcanu amepiga magoti katika bafu la nyumba inayokarabatiwa. Anagonga marumaru kwa nyundo ya mpira, anaweka pima maji, anagonga tena. Mlangoni, Msabaha, Mzanzibari anayemkorogea saruji, anamchokoza kwa Kiingereza chao cha kazini.

"Leo umeamka nani, Mromania au Mmoldova?"

"Na wewe? Mtanzania au Mzanzibari?"

"Inategemea nani kaniuliza."

Wanacheka. Lakini kwa Ghenadie, mwenye miaka hamsini na miwili, utani huo una mwiba. Swali hilo ndilo lililomnyamazisha baba yake.

Moldova ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine. Wengi huko huzungumza Kiromania, ila wapo wazee wanaokiita Kimoldova, na ole wako uwasahihishe. Kijiji chao kiliwahi kuwa cha Romania, kikawa cha Wasovieti, sasa ni cha Moldova.

"Babu hakuwahi kuhama nyumba," anasema Ghenadie, "lakini aliishi katika nchi tatu."

Kwa kuwa babu huyo aliwahi kuwa raia wa Romania, sheria ilimruhusu mjukuu kuchukua pasipoti ya huko. Ndiyo iliyomfikisha London miaka kumi na mmoja iliyopita. Kwa siku hupata pauni mia na hamsini. Wakati ule, kijijini angezisotea mwezi mzima.

Mzee Vasile, baba yake, aliitazama pasipoti akairudisha.

"Aliniambia, 'Mimi nilizaa Mmoldova. Huyu wa kwenye picha simjui.'"

Hajasema naye tena. Damu ni nzito kuliko maji, lakini mzee Vasile ni mzito kuliko vyote viwili. Kila Jumapili Ghenadie hupiga simu, na dada yake, Lilia, huiweka mezani karibu na mzee.

"Namsikia akikohoa. Nakaa kimya nimsikilize. Nina hamu naye mno."

Ghenadie mwenyewe hujiita nani?

"Mmoldova, na lugha yangu ni Kiromania. Kwangu havigombani. Kwa baba vinagombana."

Safari hii amekata tiketi ya kwenda kijijini. Wiki moja baada ya Pasaka, Wamoldova huenda makaburini, wakatandika vitambaa, wakala pamoja na kugawiana mikate kwa niaba ya marehemu wao. Mkate huo haukataliwi, na anayepewa lazima atamke shukrani za kumwombea marehemu. Akinyamaza, amemnyima dua.

Lilia ameahidi kuoka. Ghenadie anafuta mikono kwenye suruali.

"Nitampa baba mkate kwa jina la baba yake. Mimi anaweza kuninyima neno. Babu hawezi kumnyima."