Wapitiaji Wawili na Mchanga wa Dagaa

Makala yangu ya kwanza niliiandikia nyuma ya mashine ya fotokopi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama hazikunipeleka mbele, na duka moja la vifaa vya ofisi mjini Mwanza likanipokea. Walimu wa vyuo walituletea majarida yao tuwatolee nakala. Mashine ikipata moto, tulingoja ipoe, na mimi nilisoma. Hivyo ndivyo nilivyojifunza makala inavyojengwa, kama mtu anayejifunza kupika kwa kunusa dirishani kwa jirani.

Niliandika kuhusu kina mama wanaoanika dagaa ufukweni nilikokulia: walivyokuwa wakigawana mchanga bila kuamriwa na mtu, na walivyoanza kuwekeana mipaka ya mawe serikali ilipoiachia huru biashara na malori ya wanunuzi wa mbali yakaanza kupanga foleni. Niliirudia mara nyingi mno. Koma moja iliweza kuninyima usingizi. Mwishowe nikampa mhariri wa jarida dogo la chuo, mama mmoja wa kutoka Kagera aliyekuwa mteja wetu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuchomoa ukurasa wenye jina langu.

"Watu wawili wanaolijua somo hili wataipitia," akasema. "Hawatakujua, na wewe hutawajua. Wataniambia kama inafaa."

Nilishukuru Mungu. Wangejua ni kijana wa fotokopi, ningekuwa nimekwisha.

Maoni yalikuja baada ya miezi. Mpitiaji wa kwanza aliniita "msomi mwenzetu", masikio yakaniwaka moto, kisha akaandika kwamba mchanga hauwezi kugawanywa bila kamati ya soko, nirekebishe. Wa pili akasema kugawana huko bila kamati ndio moyo wa makala, nieleze zaidi. Mimi masahihisho niliyajua ya shuleni tu, yale ya wino mwekundu: mwalimu akisema, unafuata. Nikawafuata wote wawili.

Mhariri akaniita ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, usikilize." Akasoma: "'Kina mama waligawana mchanga wenyewe, na pia waligawiwa na kamati.' Hii ni nini?"

"Ni marekebisho, mama."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Haya! Kijana anaogopa hata karatasi! Ufukweni ulikuwepo wewe au walikuwepo wao?"

"Nilikuwepo mimi."

"Kamati ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, ya kukusanya ushuru wa mitumbwi. Mchanga haikuugusa."

"Sasa mbona hilo hujaliandika? Hawa wanashauri, hawaamuru. Pale unapokubali, rekebisha. Pale unapokataa, niandikie sababu, nitawapelekea."

"Naruhusiwa kukataa?"

"Bila sababu, huruhusiwi."

Jibu lilinichukua muda mrefu kuliko makala yenyewe. Aya mbili za mwanzo zilikuwa za kuomba radhi. Mhariri alizikata. Zikabaki sababu: kwamba aliyefika mapema alianika juu, karibu na majani, aliyechelewa alipata kando ya maji, mwenye mtoto mchanga aliachiwa upande wenye kivuli cha mwamba, na hakuna aliyeandikishwa popote. Nikaeleza na kazi ya kamati. Nikamalizia kwamba hapo sitabadilisha. Niliikabidhi karatasi hiyo kwa hofu, kwa kuwa mpitiaji wa kwanza angeweza kusema makala itupwe, na nyingine sikuwa nayo.

Siku mhariri alipopita dukani, alinipa jibu la mpitiaji huyo nilisome nikiwa nimesimama. Lilikuwa fupi: "Sababu za mwandishi nimezielewa. Bado nadhani amekosea. Ichapishwe."

Nikalisoma tena. Furaha ilikuja, na wasiwasi nyuma yake.

"Mama, nimwandikie kumwomba radhi?"

"Kwa anwani ipi, na mimi sikwambii ni nani?" Akachukua karatasi yake. "Makala inatoka. Nenda ukale."