Mfupa wa Pande Mbili

Mtoto wa dada yangu alivunjika paja akiogeshwa. Hakuanguka, wala hakuna aliyemvuta. Dada alimwinua kutoka kwenye beseni, akasikia kitu kikilia kama kijiti kikavu kinapovunjika. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka, na huo ulikuwa mfupa wa pili kuvunjika.

Hiyo ilikuwa Mwika, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, miaka ile watu walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya. Dada alikuwa ameolewa huko, akiishi kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, la wakwe zake. Dawa ya mifupa laini kila nyumba iliijua: kwato za ng'ombe zichemshwe mpaka mchuzi uwe kama gundi, mtoto akorogewe kwenye mtori wa ndizi. Akalishwa hivyo kila siku. Akazidi kupauka, na macho yake yakawa yanazunguka bila kumshika mtu.

Nilikuwepo siku mama mkwe wa dada aliposema neno lile. Alikuwa anachambua maharage, na sauti yake haikuwa na ukali.

"Ukoo wetu haujawahi kuzaa mfupa wa namna hii. Kama ni wa kwenu, mkamwana, utarudi nao kwenu."

Dada aliniomba niende naye na shemeji hospitalini Moshi, niwe sikio la pili.

Daktari alituonyesha picha za eksirei. Mifupa ilikuwa myeupe kama chaki, bila kivuli cha uboho ndani. Haikuwa laini hata kidogo. Ilikuwa imejazana mno, na kwa kujazana huko ikavunjika kama kigae. Alitueleza kwamba ndani ya mfupa kuna chembe zinazokula mfupa mkongwe ili mpya ujengwe. Chembe hizo hukomaa hatua kwa hatua, na kila hatua ina vinasaba vinavyopaswa kuamka kwa zamu. Kwa mtoto huyu kimoja hakikuamka, kwa hiyo chembe zilibaki changa. Mfupa ulijengwa tu, bila kuliwa. Ulikuwa umeziba nafasi ya kutengenezea damu, na sasa ulikuwa unabana mishipa ya macho. Dawa yake, alisema, hapa haipo.

Dada aliuliza swali moja tu. "Kimetoka upande gani?"

"Pande zote mbili. Kila mzazi amempa nakala moja mbovu. Upande mmoja peke yake usingemdhuru."

Tukiwa njiani kupanda mlima, dada alimwomba mumewe aliseme hilo yeye mwenyewe nyumbani, maana likitoka kinywani mwake litaonekana la kujitetea. Shemeji alikubali. Alikubali mara mbili.

Mama yake alimuuliza kabla hajaketi. Shemeji alisema ni ugonjwa wa damu.

"Damu ya nani?"

Alitazama viatu vyake. "Bado wanachunguza, mama."

Nilitaka kusema, dada akanishika mkono. Alikuwa bado anamsubiri mumewe aseme. Shemeji akaomba maji ya kunywa.

Mtoto alikufa kabla ya masika, akazikwa migombani. Matanga yalipokwisha, wazee wawili wa ukoo walimsindikiza dada hadi kwetu na nguo zake. Walikunywa mbege, pombe ya ndizi, na baba, wakazungumza juu ya bei ya kahawa, wakaaga vizuri.

Shemeji alioa mke kutoka Kibosho. Mke huyo amezaa watoto watatu, wote wanakimbia. Ndivyo ambavyo daktari angetarajia: mama yao, kwa kila dalili, hana nakala mbovu, na ya baba peke yake haidhuru. Lakini Mwika hawakuwa wamesikia maneno ya daktari. Walihesabu wale watoto wazima, wakapata jibu lao: mbovu alikuwa dada yangu.

Baadaye mgane mmoja wa Majengo, mjini Moshi, mwanamume mpole mwenye duka la baiskeli, alimposa dada. Mama yetu alimsihi akubali. Nami nilimkumbusha kwamba kwa mume mwingine angeweza kuzaa mtoto mzima, na watu wangenyamaza.

"Hawatanyamaza," alisema. "Nikizaa mzima, watasema yule wa kwanza nilimroga."