Nilivyompigia makofi mama mwenye shida ya kweli, katika shule ya serikali Kisangani

Wakuu, nawasalimu kutoka Boyoma, ndiyo hapa Kisangani. Kiswahili changu ni cha huku, kimeoana na Kifaransa na Lingala, mtanivumilia.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Mtu anayetunga hadithi hujitunga akiwa shujaa, mimi humu mtaniona nikiwa mjinga. Hiyo itoshe kuwa ushahidi.

Mimi ni agent wa état civil, yaani ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, katika commune, yaani manispaa, moja ya mjini. Miaka kumi na tisa niko kwenye kiti kimoja.

Mwaka jana jina langu likatokea kwenye orodha ya kwenda shule ya serikali inayofundisha watumishi wa umma. Miezi mitatu. Ukipata brevet, cheti cha kumaliza, unapanda grade, yaani cheo. Ukikosa, unarudi kwenye kiti kile kile na wenzako wanakucheka mpaka pensheni.

Mke wangu akanishoneshea mashati mawili. Akasema, "Gaston, sijawahi kupeleka mwanafunzi mwenye mvi. Usiniletee zéro hapa."

Bon. Wengi huniuliza shule yenyewe imepangwa vipi, ngoja nieleze kwanza.

Juu kabisa iko directeur général. Huyo tulimwona siku ya kufungua na siku ya kufunga. Katikati alikuwa sauti nyuma ya mlango.

Chini yake kuna idara tatu. Études wanapanga masomo na mitihani. Stages wanakutuma kwenye ofisi za mji ujifunze kazi kwa mikono. Halafu intendance: viti, chaki, jenereta, chakula. Kwenye karatasi intendance iko ya mwisho. Kwa sisi wanafunzi ilikuwa ya kwanza, maana mkubwa wake ndiye alijua kama mchana tunakula lituma ya ndizi ama tunakula maneno.

Wanafunzi tulikuwa makundi mawili. Kuna formation initiale, vijana waliofaulu concours, mtihani wa kuingia, bado hawajaanza kazi. Na formation continue, sisi tuliozeekea ofisini. Vijana wakatubatiza "archives". Sisi tukawaita "wifi", ile ya intaneti: wana nguvu, lakini umeme ukikatika, kwisha. Na umeme wetu mnaujua, maporomoko ya Tshopo, yenye mtambo wa umeme, tunayasikia yakinguruma na taa haiwaki.

Directrice des études, Mama Béatrice, alichoka na utani huo. Wiki ya pili akatuunganisha wawili wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, na mtihani wa mwisho tufanye pamoja, alama moja kwa wote wawili.

Mimi nikapewa Dorcas. Binti ana licence, digrii ya sheria, anaijua code de la famille, sheria ya familia, kama mtu anavyojua majina ya ndugu zake. Siku ya kwanza akaangalia mwandiko wangu, akasema, "Papa Gaston, hii ni herufi ama ni msafara wa siafu?" Tukapatana tangu siku hiyo.

Mtihani wa mwisho unaitwa guichet-école. Ni chumba kinachofungukia barabarani, kimepangwa kama ofisi kamili: kaunta, register, cachet ya muhuri, mpaka kibao cha "État civil" juu ya mlango. Nyinyi mnakaa kaunta. Walimu wanajifanya wananchi. Nyuma yenu wanakaa watu watatu wa jury, wanaandika na hawasemi neno.

Mama Béatrice alituonya: "Watakuja na hasira. Watakuja na machozi. Watakuja na zawadi. Zawadi ndiyo mutego."

Siku yetu ikafika, Ijumaa mchana.

Mwananchi wa kwanza alikuwa mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, amejifanya mzee kiziwi. Tukampitisha vizuri. Wa pili akajifanya mkubwa wa jeshi kutoka kambi ya Kapalata, anapiga kaunta ngumi. Dorcas akamtuliza kwa article mbili za sheria na tabasamu moja.

Wa tatu akaingia mama mmoja mwembamba, pagne, kitenge chake, imelowa chini, mtoto mgongoni, na kifurushi kilichofungwa kwa majani mkononi.

Nikamnong'oneza Dorcas, "Huyu wamemtoa wapi? Mpaka mtoto wamemwazima!"

Mama akasema, "Papa, niko natoka Isangi na boti. Mutoto nilimuzalia hapa mujini, ku maternité. Banasema nimuandikishe hapa hapa. Nisaidie."

Akaweka kifurushi kwenye kaunta. Samaki wa kukaushwa, harufu ikajaa chumba.

Mutego! Nikasimama, wakuu. Nikanyoosha shati jipya. Nikamsomea somo zima la maadili, sauti juu ili jury wasikie vizuri. "Mama, mutumishi wa serikali hanunuliwi! Ondoa hii samaki mbele ya kaunta ya État!"

Mama akashtuka. Akachukua samaki wake. Halafu akaanza kulia, polepole, bila sauti.

Na mimi nikafanya nini? Nikampigia makofi. Nikageuka kwa jury nikisema, "Mnaona? Huyu mama anajua kuigiza!"

Jury wakaangaliana. Mwalimu mmoja akanyanyua mabega, maana yake: huyu si wetu.

Dorcas alikuwa ameshazunguka kaunta, ameshika cheti cha maternité, hospitali ya uzazi. Akakisoma, akahesabu kwa vidole, uso ukabadilika.

"Papa Gaston, huyu ni mama wa kweli. Na siku zake tisini zinaisha dimanche."

Nieleze kwa wasiojua. Kwetu mzazi ana siku tisini za kuandikisha mtoto. Zikipita, lazima apitie tribunal, mahakama, kwanza, na hiyo safari watu wengi huiachia njiani. Jumamosi na dimanche, yaani Jumapili, ofisi hazifunguki. Kwa hiyo mama huyu alikuwa na mchana ule ule tu. Aliona kibao chetu, akaingia.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Hapa ni shule. Hii register ni ya bure, ni ya kujifunzia."

Akauliza, "Donc ile ya kweli iko wapi?"

Ilikuwa kwenye commune alikozaliwa mtoto, upande mwingine wa mji, na saa ilikuwa inakimbia. Mwalimu mkubwa wa jury akasema mambo yalivyo: "Kutoka katikati ya mtihani ni zéro. Règlement, kanuni ya shule, ndiyo inasema, si mimi."

Sitawadanganya, nilisita. Nilifikiria grade. Nilifikiria mke wangu na yale mashati. Nikafikiri labda tumwelekeze tu njia, atafika.

Dorcas hakusita. Alikuwa mlangoni tayari. "Papa Gaston, alama ni yetu wawili. Mimi nimekubali zéro. Wewe?"

Nikachukua kalamu yangu, tukatoka.

Tukapanda moto, yaani pikipiki, mbili: mama na mtoto na Dorcas moja, mimi na samaki nyingine. Tukafika commune hiyo, agent anafunga dirisha.

Bila kuinua macho akasema, "Murudie lundi."

Wakuu, "rudi Jumatatu", sentensi hiyo ni yangu! Nimeisema miaka kumi na tisa, kwa sauti ile ile, macho kwenye karatasi vile vile. Sikuwahi kusimama upande huu wa dirisha kuisikia inavyopiga.

Sikukasirika. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi pia niko état civil. Najua umechoka. Lakini lundi ya huyu mama ni tribunal. Fungua register, sisi tutakusaidia kuandika."

Akainua kichwa. Akamwona mama, akaona mtoto, akasoma tarehe. Akashusha pumzi, akavuta kiti tena. "Jina la mutoto?"

"Merveille," mama akasema, na hapo ndipo nilimwona anacheka.

Dorcas akasoma cheti kwa sauti, agent akaandika, mimi nikatia sahihi kama shahidi. Cachet ikalia: pa! Mama akaikunja acte, hati ya kuzaliwa, ndani ya plastiki, akaiweka kifuani. Akatushukuru, akachukua samaki wake, akashika njia ya beach, bandari ya mtoni, kutafuta boti ya kurudi Isangi.

Turudi shuleni. Zéro tulipata kweli. Conseil, baraza la shule, ilikaa lundi: idara zote tatu pamoja na mjumbe wetu sisi wanafunzi. Wengine walitaka kutufutia zéro hiyo, lakini Mama Béatrice alikataa, akasema règlement ikivunjwa kwa wema leo, kesho itavunjwa kwa urafiki. Badala yake wakatupa nafasi ya kurudia mtihani baada ya wiki mbili, kama règlement yenyewe inavyoruhusu. Mjumbe wetu anasema directeur général alicheka mpaka akavua miwani.

Tulirudia, tukapita. Si wa kwanza, wa nne. Mke wangu aliniuliza kwa nini si wa kwanza. Nikamsimulia yote. Akasema, "Basi hiyo brevet tuweke kwenye fremu."

Fundisho nililobeba ni fupi. Shule ilinipa mpangilio, nani yuko juu, nani yuko chini, karatasi ipi inatangulia ipi. Ni vizuri, ofisi bila mpangilio ni soko. Lakini miaka kumi na tisa nilihudumia karatasi, na nilikuwa sijawaona waliozishika.

Sasa semeni nanyi. Watumishi wenzangu mlioko humu, shule zenu za serikali zimepangwaje? Na mkweli aseme: ungebaki kwenye kaunta, ama ungepanda moto na zéro yako? Mkitaka kunicheka kwa yale makofi, ruksa, mlango uko wazi.