Sumu Niliyotaka Iwepo

Mume wangu alipooa mke wa pili, tayari nilikuwa nimemzalia watoto wanne, nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Kasongo. Yeye alikuwa akipeleka vitenge, sabuni na chumvi kwa pikipiki mpaka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na njiani alilala Kabambare. Huko Kabambare ndiko alikomwona. Aliniambia mwenyewe, kwa adabu, nami nikamjibu kwa adabu. Kisha nikaingia jikoni nikaanza kuchambua mchele uliokuwa umekwisha kuchambuliwa.

Alimjengea nyumba ndogo ya matofali ndani ya uwanja wetu, mlango wake ukitazamana na wangu. Watu hudhani wivu wa wake wenza ni wa kitanda tu. Wangu ulikuwa wa sahani. Zamu ya mwenzangu ilipofika, harufu ya sombe yake, majani ya muhogo yenye mawese na samaki wa mto Lualaba, ilinifikia kabla hata mwadhini hajaita. Niliangalia sahani zikirudi kuoshwa, nikaona zimekombwa. Sahani zangu zilirudi na chakula. Naye aliniita yaya, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa, na aliponisalimu alikunja goti kidogo. Laiti angekuwa mjeuri, ningepumzika. Hakunipa hata kosa moja la kushika.

Mvua zilipoanza, mume wetu akaanza kukonda. Suruali zake alizifunga kwa kamba. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka kuchoma mkaa, akaenda chooni mara kwa mara, na pikipiki ikamshinda, akabaki amekaa barazani akisinzia. Tulimnunulia dawa za malaria dukani. Hazikusaidia kitu.

Hapo ndipo dada yake alipokuja kutoka Kabambare, amelowa matope ya njia mpaka magotini. Hakuingia kwa mwenzangu. Aliketi kwangu, akatoa simu, akaniambia, "Wifi, sikia hii."

Ilikuwa sauti ya mwanaume iliyokuwa ikipita kutoka simu moja hadi nyingine. Alijiita daktari. Alisema siku hizi kuna wanawake wanaowalisha waume zao sumu ya polepole, na dalili zake ni hizi: mutu anakonda, anachoka, anasikia kiu, anapoteza nguvu za kiume. Alimaliza kwa kusema, tuma kwa wote unaowapenda.

"Umesikia?" wifi yangu akauliza. "Ni kaka yangu kabisa. Na ule mwanamuke ndiye anamupikia."

"Hata mimi ninampikia," nikasema.

"Wewe umemupikia miaka yote, hakufa. Uko muke mukubwa. Sema neno moja tu mbele ya familia, tunamurudisha kwao kesho."

Sijui kama nitaweza kueleza utamu wa maneno hayo. Nilimwona mwenzangu akipanda pikipiki na begi lake mapajani. Niliona nyumba ile ya matofali ikiwa ghala la mahindi. Niliona sahani moja tu ikirudi kuoshwa, yangu, imekombwa. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lililonizuia halikuwa huruma, maana sikuwa nayo. Nilizuiwa na jinsi lilivyonifaa. Habari ile ilikuwa imekatwa na kushonwa kwa kipimo changu, na nguo inayokukaa vile bila fundi kukuona huna budi kuishangaa.

Nikamwomba arudie ile sauti. Nikauliza, "Huyu daktari ni nani? Wa hospitali gani?"

"Ni dokta. Amesema mwenyewe."

"Nani amekutumia?"

"Jirani. Naye alitumiwa."

"Basi hakuna anayemjua. Na hizo dalili, wifi, nitazame. Mimi nimekonda tangu mwaka jana. Nachoka. Je, nami nimelishwa?"

Akazima simu. "Wewe una wivu," akasema. Hakukosea.

Kesho yake aliniletea mganga. Alikuwa mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi. Aliomba mkojo wa mgonjwa ndani ya chupa, akaingiza unga mweupe, na povu likapanda mpaka shingoni mwa chupa. "Sumu iko," akasema. Shangazi wawili wa mume wangu, waliokuwa wamekaa kwenye mkeka, wakashika vinywa. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiishiwa damu upesi namna ile.

Shuleni huwa ninaotesha maharage pamoja na watoto. Kopo moja dirishani, jingine kabatini. Udongo ule ule, maji yale yale, ili tofauti ibaki moja tu, mwanga. Mwaka ambao hatuna kopo la pili, hatujifunzi lolote. Nilikumbuka hilo nikitazama chupa ile moja.

Nikamwambia mganga, "Baba, tunaheshimu kazi yako. Tunaomba uangalie na mkojo wa mtu mzima, asiye mgonjwa. Huo usipotoa povu, tutajua povu ni la sumu."

Wifi yangu akasimama mwenyewe. "Chukueni wangu," akasema. "Tangu nimefika sijaonja hata maji ya ule mwanamuke." Alikuwa na hakika kabisa. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na chupa, akaiweka chini mbele ya mganga.

Unga ukaingia. Povu likapanda, likamwagika kwenye mkeka.

Mganga akapangusa vidole, akasema, "Basi hata dada amelishwa."

"Na nani?" wifi yangu akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyumbani ninapika mwenyewe, na hapa ninakula kwa muke mukubwa."

Nikaleta maji ya kunywa katika kikombe, nikaomba atie na humo. Mganga akasema dawa yake haichezewi, akafunga mkoba, akaaga shangazi kwa heshima na kuondoka.

Shangazi wakanigeukia, wakasema nimemtetea mbanda wangu, mke mwenza. Nikawaambia sijamtetea. Chupa zile hazikutuambia kwamba hakuna sumu. Zilituambia tu kwamba mpaka sasa hatujui. "Kama hatujui, twende kwa wanaoweza kupima," nikasema. "Kikitoka kitu, mimi mwenyewe nitamfungia begi." Nilisema kweli. Njia nzima ya kwenda hospitali, nikiwa nyuma ya pikipiki nimemshikilia mume wangu asianguke, moyo wangu ulikuwa ukiomba waikute hiyo sumu.

Muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kifaa kidogo, akarudia kwa kidole kingine ili ahakikishe, kisha akapima na mkojo, akasema sukari imepanda mno. Akatuuliza kama kwao kuna aliyekuwa na ugonjwa wa sukari. Wifi yangu, aliyekuwa ametufuata na kusimama ukutani, akasema polepole kwamba baba yao alikufa amekonda hivyo hivyo, akiomba maji. Wakati ule watu walisema amelogwa na jirani, na jirani yule alihama kijiji.

Wifi yangu akatoka nje. Nilimkuta ameinamisha kichwa juu ya simu, akiifuta ile sauti. Tangu siku hiyo, habari yoyote inayomtisha huniletea kwanza, na kuuliza, "Hii nayo tuitafutie chupa ya pili?"

Mume wetu alipewa vidonge na kuelezwa namna ya kula, na baada ya wiki kadhaa nguvu zikaanza kurudi. Nilidhani ataniangalia kwa jicho jipya. Alinishukuru, ni kweli, mbele ya ndugu zake wote. Lakini aliposikia jinsi mke wake mdogo alivyosingiziwa, alimwonea huruma kubwa, akawa anakaa kwake hata siku ambazo si zake, ili watu waone kwamba anakula mkononi mwake bila hofu. Mimi niliyelifukuza lile shitaka ndimi niliyezidi kulala peke yangu.

Siku moja mwenzangu alinikuta kisimani. Akaweka bidoni lake la maji chini.

"Yaya, ulijuaje kama si mimi?"

Ningeweza kumwambia jambo zuri. Nikasema, "Sikujua. Nilitaka sana iwe ni wewe. Ndiyo maana nikataka kwanza kuona."

Aliinama akatazama maji yakijaa. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Akanisaidia kujitwisha bidoni langu, kisha akabeba lake, akatangulia. Kutoka barazani mume wetu alituona tukija, akainuka na kuja kupokea mzigo. Alipokea wa mwenzangu.