Kilobaiti Nne za Shemeji

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na kazi mbili: moja ya kumlisha, na nyingine ambayo mkewe aliiita ugonjwa. Ugonjwa wenyewe aliupata ujanani, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe. Walinunua kompyuta kuukuu ya kuchomeka kwenye televisheni, wakaifundisha kuchora nyota zinazokimbia huku ikilia kinanda. Hawakuingiza picha wala kurekodi sauti. Kila kitu kilizaliwa na hesabu walizoandika. Miaka ikaenda, nyota zikawa milima, milima ikawa mapango unayopita ndani kama ndotoni. Fundi alichora, shemeji akatunga muziki. Sharti lilikuwa moja: programu isizidi kilobaiti nne, yaani kama kurasa mbili za maandishi.

Pumu ikamchukua shemeji wakiwa na programu moja ambayo haijaisha. Fundi hakuigusa miaka miwili. Kisha, Jumamosi moja asubuhi, akajikaza akaiwasha. Pango likafunguka, ngoma zikaanza. Ghafla muziki ukakatika, ukasikika mluzi mrefu, unaopanda mwishoni.

Mkewe alikuwa uani akianika nguo. "Abee, kaka!" akaitika, kabla hajajua anamwitikia nani.

Ngoma zikaendelea.

Akaingia na shati bichi mkononi. "Nani kapiga mluzi?"

"Mashine."

"Mashine imejuaje? Hivyo ndivyo alivyoniita tukiwa watoto."

Fundi si mtu wa kuamini mizimu. Siku tatu alisoma programu mstari kwa mstari. Ngoma aliziona, mwangwi aliuona, mluzi hakuuona. "Labda nimesahau kusoma," akajitania, ila hakucheka. Akaiwasha mkewe akiwa sokoni: palipokuwa na mluzi pakawa kimya, na pango likaganda, mpaka akachomoa waya. Akawatumia wenzake wa mbali waliozoea kubadilishana programu. Mmoja akajibu: "Nzuri, bwana, ila mbona inasimama katikati? Kama inamngoja mtu."

Jioni akamwambia mkewe, "Naifuta."

"Umfute kaka yangu?"

"Mke wangu, sauti ambayo humwoni mwenyewe haiitikiwi. Utazoea."

"Nimeshazoea."

Basi ikawa kila Jumamosi, akimaliza kufua, mkewe huvuta kigoda mbele ya kioo cha kompyuta. Mluzi ukipigwa huitika, na pango husonga hadi mwisho wake. Fundi hakuandika programu nyingine tena. Saa hiyo hukaa kibarazani na cherehani, akishona nguo ya mteja, akikanyaga pedeli kwa nguvu kuliko kazi inavyotaka.

Juzi uzi ulimkatikia, pedeli ikanyamaza. Akamsikia mkewe ndani, kwa sauti ya chini, kama anayemtuliza mtu mwenye haraka:

"Bado kidogo, kaka. Nakuja."

Fundi akaacha cherehani wazi, akaingia, akachuchumaa kando ya kigoda, akamshika mkewe mkono. Ulikuwa wa baridi. Mbele yao pango lilizidi kusonga, na safari hii halikuonyesha mwisho.