Mvuvi wa Ubaoni

Hapa Kibimba ukitaka kambare wabichi utaambiwa kamtafute Miguu. Hakuna asiyemjua. Jina hilo hakupewa na baba yake. Nilimpa mimi, mbele ya darasa la sita, nikiwa na chaki mkononi na kiburi kichwani. Jina lake la kweli nitalitaja nikilifikia, maana nami nililisahau, na hiyo ndiyo aibu ninayotaka kuisema kabla sijafa nayo.

Naitwa Danstan, mwalimu mstaafu. Miaka thelathini na saba nimefundisha uvuvi wa maji baridi na wa maji chumvi, na sikuwahi kuvua hata dagaa. Bahari sijaiona. Niliichora ubaoni kwa chaki ya bluu, nikaitia mawimbi, nikaitia papa, nikawaeleza watoto wa wakulima wa migomba tofauti ya wavu wa jarife na mtego wa dema utadhani nilizaliwa ndani ya ngalawa.

Basi mwaka mmoja nikatunga mtihani. Swali la nne: taja vifaa viwili vya kuvulia samaki. Jibu lilikuwa kitabuni, nyavu na ndoana. Mtoto mmoja wa kule bondeni akaandika, "Kikapu na miguu." Loh! Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Nikawasomea wenzake jibu lile, nikampa sifuri na viboko vitatu, nikamwambia, "Kakae chini, Miguu." Darasa zima likacheka. Wakatoka na jina lile nje, wakalipeleka nyumbani, likafika gulioni, likakaa huko miaka thelathini.

Mwaka jana nikastaafu, na kidole gumba cha mguu kikaanza kuvimba. Zahanati wakaniambia nyama nyekundu basi, nile samaki. Nikamweleza mke wangu Anneth. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Si unajua kuvua wewe? Umewafundisha watoto wa watu mpaka wajukuu wao."

Nikaona ananidharau. Kesho yake nikakaa mezani nikaandika andalio la somo. Ndiyo, andalio la somo, mazoea yana taabu. Lengo mahususi: ifikapo saa nne asubuhi, mvuvi awe amevua samaki wasiopungua watano. Zana: fimbo, mshipi, ndoana, minyoo. Nikavaa koti na viatu vya ngozi, nikashuka bondeni.

Nilichagua dimbwi zuri lililotulia, karibu na njia. Nikarusha ndoana kwa mbwembwe. Ikarudi nyuma ikaninasa koti mgongoni, nikawa mimi ndiye samaki wa kwanza wa siku ile. Wanawake wakawa wanapita. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, marahaba." Wakipita hatua mbili tatu wanajifunika midomo kwa kanga. Nikadhani ni heshima.

Siku ya tatu mshipi ukakaza. Yesu na Maria! Nikavuta kwa mikono miwili, nikarudi nyuma, nikavuta tena, kikatoka kitu cheupe, kinene, kinanuka. Kilikuwa kipande cha muhogo.

Siku tatu nzima nilikuwa navua kwenye dimbwi wanaloloweka mihogo. Wamepita watu kama arobaini, wote wanajua, hakuna aliyefungua mdomo. Utawalaumu? Nani alimsahihisha mwalimu Danstan akabaki salama? Kunyamaza niliwafundisha mwenyewe, na somo hilo walilielewa kuliko uvuvi.

Aliyekuja kusema alikuwa Miguu. Sasa ni mtu mzima, mvi zimeanza, kikapu begani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Miguu," nikaitika bila haya.

Akautazama ule muhogo uliokuwa unaning'inia kwenye ndoana. "Mwalimu, nikisema hutanichapa?"

"Sema."

"Humu hamna samaki."

Akanipeleka mbele zaidi, kwenye kinamasi ambacho maji yake yalikuwa yamepungua kwa kiangazi. Akaniambia nivue viatu. Nikamuuliza habari za ruba. Akasema wapo. Nikamuuliza habari za ndoana. Akasema, "Maji yakipungua kambare anajificha ndani ya matope. Hiyo ndoana utamrushia nani?" Nikaingia, suruali nimeikunja magotini, nikiomba kimoyomoyo Anneth asije akapita.

"Usinyanyue mguu, uburute polepole. Ukigusa kitu laini kinajigeuza, simama hapo hapo."

Nikaburuta. Muda si mrefu, chini ya mguu ule ule wenye kidole kibovu, kitu laini kikajigeuza. Nilipiga yowe, ng'ombe ng'ambo ya pili wakainua vichwa.

"Simama!" Miguu akanifokea. Naam, alinifokea, na mimi nikatii. "Inama. Mbane nyuma ya kichwa. Angalia miiba!"

Miiba niliiangalia ikiwa imeshanichoma. Lakini sikumwachia. Nilianguka, nikamkumbatia, nikainuka na kambare mrefu kama mkono wangu, matope mpaka masikioni. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya kupanda daraja.

"Haya," nikasema huku nahema, "nakubali. Swali la nne ulipata."

Sikujua kama alilikumbuka. Hakucheka. Aliosha kikapu chake kwanza.

"Mwalimu, nilipotaka kuoa, padri alitangaza jina langu Jumapili tatu, watu wakawa wanaulizana ni nani huyo. Mwanangu shuleni wanamwita Kaguu. Alama ya swali la nne siitaki." Akanitazama usoni. "Mimi jina langu nani?"

Nikalitafuta kichwani, nikakuta Miguu tu. Mimi niliyeita majina ya wale watoto kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, nilibaki nimeshika kambare kama mjinga.

"Sifuri," akasema, taratibu kabisa. Akaninyang'anya kambare, akamfunga kwenye jani la mgomba, akanirudishia. "Kamle na mama."

Anneth alimpika vizuri, lakini nilisogeza sahani pembeni. Mchana ule ule nikavuta sanduku la rejesta za zamani, nilizozileta nyumbani shule ilipotaka kuzichoma.

"Si ungewauliza majirani?" Anneth akasema.

"Majirani nao wanamjua Miguu tu."

Kurasa nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikafungua, nikapangusa, nikafungua. Darasa la sita, namba kumi na saba, nikalikumbuka papo hapo: Bukuru Nzeyimana. Mbele ya jina kulikuwa na vialama vyekundu vya mahudhurio, vimepangana, hakukosa hata siku ya mvua. Vikafika siku niliyosahihisha ule mtihani. Baada ya hapo visanduku vitupu mpaka mwisho wa ukurasa, na juu yake neno moja kwa mwandiko wangu: mtoro.

Nililia, sitaki kudanganya. Anneth hakunitania.

Siku ya gulio nikaenda na rejesta kwapani. Alikuwa anakata kambare juu ya ubao, wateja wamemzunguka, Miguu hivi, Miguu vile. Nikasimama nyuma yao kama mwalimu wa mazoezi siku ya ukaguzi. Nikafungua ukurasa, nikaita kwa sauti ile ile ya asubuhi.

"Bukuru Nzeyimana!"

Watu wakageuka wakatazamana. "Anamwita nani huyu mzee?" mama mmoja akauliza.

Mwenye jina aliweka kisu chini. Akajifuta mkono kwenye shati, akaunyoosha juu, mbele ya watu wote.

"Nipo, mwalimu."

Nikatoa kalamu nyekundu, nikalikata lile neno kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Nikamwandika yupo. Nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba kambare huvuliwa kwa miguu.

Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogeza beseni lake mbele.

"Haya Bukuru, nikatie huyo wa katikati."